Hofu ya Mawe ya Angani na Deni la Aliyesoma

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule, 2026)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu katika ukumbi huu nilikuwa Kidato cha Pili, wala sikusimamishwa kwa heshima. Habari hiyo nitaieleza baadaye kidogo, kwa maana inahusiana sana na jambo lililonileta.

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma na maendeleo. Nilimjibu kwamba hotuba ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi, na nyingine nimeziandika mwenyewe ili wakubwa wangu wazisome. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya jiwe. Alikubali, ingawa nadhani alidhani natania.

Jiwe lenyewe liligunduliwa tarehe 27 Desemba 1924 jumlisha miaka 100, yaani 2024, na darubini iliyoko Río Hurtado, nchini Chile. Wataalamu walilipa jina la 2024 YR4. Ni asteroidi, yaani moja ya mawe yasiyohesabika yanayolizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka. Upana wake ni kiasi cha mita 60, na hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba huenda likaigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Tarehe 29 Januari 2025, uwezekano huo ulipozidi asilimia 1, mtandao wa kimataifa wa kutoa tahadhari za asteroidi ulitoa taarifa rasmi. Tarehe 18 Februari hesabu za Marekani zilifikia asilimia 3.1. Ukanda ambamo jiwe lingeweza kuangukia ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Bahari ya Atlantiki, Afrika, Bahari ya Arabu, hadi Asia ya Kusini. Nchi za Nigeria, Sudan na Ethiopia zilitajwa.

Sasa, ndugu zangu, habari ikishatamka neno "Afrika", haichukui muda kufika kwetu Mbozi. Ilifika kwa simu, ikiwa ni sauti ya mtu asiyejulikana, aliyesema kwa uhakika mkubwa kwamba wazungu wameficha siri, kwamba jiwe linakuja, na kwamba imebaki miaka saba.

Usiku mmoja wa mwezi huo wa Februari, baba mdogo alinipigia simu. Baba mdogo ndiye aliyenileta katika shule hii akiwa amebeba sanduku langu kichwani. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza: "Mwanangu, wewe uko serikalini, na umesoma. Hili jiwe ni kweli?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, achana na maneno ya kwenye simu." Nikamuuliza habari za ng'ombe, tukaagana.

Sikujua kwamba alikuwa amechimba mashimo 60 ya miparachichi, na kwamba alikuwa ametanguliza fedha kwa mwenye kitalu. Fedha hizo alikuwa amezipata kwa kuuza dume moja la ng'ombe. Nilipokwenda nyumbani Pasaka, mwezi wa Aprili, niliyakuta mashimo yamejaa maji na majani. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na miche yake alikuwa amepewa mtu mwingine. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila hasira: "Mti nipande leo, uanze kunilipa vizuri mwaka wa tano au wa sita, halafu jiwe lije? Nilikuuliza, mwanangu. Ulicheka. Nikajua hata wewe hujui."

Ndugu Mwenyekiti, nimekemewa na wakubwa wengi kazini, lakini hakuna aliyenipata kama mzee yule. Na lililoniuma zaidi ni kwamba siku ile nilipokuwa nayatazama mashimo, hatari yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka kitambo. Tarehe 20 Februari uwezekano ulishuka hadi asilimia 0.28. Tarehe 24 Februari ulikuwa asilimia 0.004. Habari ya hatari ilikuwa imefika kijijini kwa siku chache, na habari ya usalama ilikuwa haijafika kwa miezi miwili. Hakuna anayemtumia mwenzake sauti usiku wa manane kumwambia kwamba hakuna kitu.

Basi jioni ile nilikaa naye uani nikajaribu kulipa deni langu. Na hapa ndipo inapoingia ile habari yangu ya Kidato cha Pili.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka usiku ilipoibwa sukari katika ghala la jikoni. Mkuu wa shule wa wakati ule alikuwa na hakika kwamba mwizi ni mmoja, na kwamba anatoka katika bweni letu lenye wavulana 100. Asubuhi tulipangwa mstari. Wakati huo kila mmoja wetu alikuwa na shaka ya moja katika mia, yaani asilimia 1. Kisha mwalimu akaanza kutuchambua. Wachezaji wa mpira walikuwa safarini usiku ule, wakaondolewa. Waliolazwa zahanati wakaondolewa. Waliokuwa wakijisomea chini ya usimamizi wa mwalimu wa zamu wakaondolewa. Tukabaki 32, tukapandishwa hapa jukwaani, mbele ya shule nzima.

Angalieni vizuri jambo lililotokea. Sikuwa nimeonja hata chembe ya ile sukari. Lakini kila mwenzangu aliposafishwa, shaka juu yangu iliongezeka. Kutoka moja katika 100, nikawa moja katika 32, ambayo ukiipiga hesabu ni asilimia 3.1. Hatia yangu haikuongezeka hata kidogo. Kilichopungua ni idadi ya waliosalia. Mwishowe mwalimu akaleta kipimo cha nyayo zilizokutwa chini ya dirisha la ghala. Mguu wangu ulikuwa mdogo mno. Shaka juu yangu ikatoka asilimia 3.1 ikawa sifuri kwa dakika moja. (Mwizi alipatikana baadaye. Leo ni mtu mzima mwenye heshima zake, na yumo humu ukumbini. Sitamtaja, ila namwomba asinywe chai yote.)

Jiwe la 2032 lilikwenda hivyo hivyo. Asteroidi ikionekana kwa siku chache tu, wataalamu hawawezi kujua njia yake barabara. Wanachoweza kusema ni kwamba siku fulani itakuwa mahali fulani kwenye mstari mrefu sana angani, na kwamba dunia yetu ni kijidoa kimoja juu ya mstari huo. Kila usiku wanapoipima tena, ncha za mstari zinakatwa na mstari unafupika. Ikiwa dunia bado imo ndani ya mstari uliofupika, sehemu yake katika mstari huo inakuwa kubwa, na asilimia inapanda. Kupanda huko hakumaanishi kwamba jiwe limegeuza njia kutufuata. Halafu unafika usiku ambapo mstari unafupika hata dunia inabaki nje yake, na asilimia inaporomoka. Wataalamu walilijua jambo hilo tangu mwanzo na walilisema. Ila sauti ya kwenye simu iliichukua ile asilimia 3.1 ikaiacha maana yake njiani.

Nilimpangia baba mdogo punje 32 za mahindi juu ya ungo, moja nikaipaka mkaa. Nikamwambia, hiyo ya mkaa ndiyo siku ya kugongwa, na hizi 31 ni siku za kupona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hesabu ilipofikia pabaya kabisa. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali la mtu mwenye akili: "Na sasa hivi ungehitaji punje ngapi?" Nikapiga hesabu ya ile asilimia 0.004: punje 25,000, na moja tu ya mkaa. Akasema, "Hilo si ungo, ni debe na zaidi." Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo nimekuja nalo hapa leo: "Kwa nini hukuniambia hivi mwezi wa pili?"

Ndugu zangu, nisieleweke kwamba nasema hatari ya mawe ya angani ni hadithi. Sisi tuliozaliwa Mbozi hatuwezi kusema hivyo. Kimondo chetu kipo, chuma kitupu kilichochanganyika na nikeli, urefu wake kama mita 3, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 hivi. Wazee walikijua zamani, ingawa vitabu vya wageni vinaanza kukitaja mwaka 1930. Nilipokuwa mtoto nilikigonga kwa kokoto nikasikia kinalia kama kengele. Kile nacho kilikuwa angani, kikaja.

Tarehe 30 Juni 1908 jiwe lilipasuka hewani juu ya Tunguska, Siberia, likaangusha miti katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,000. Na miaka milioni 66 iliyopita jiwe lenye upana wa kilometa 10 hivi lilipiga mahali paitwapo Chicxulub, Mexico, na huo ndio ukawa mwisho wa dinosauri na viumbe wengine wengi. Kwa hiyo anayeogopa hana wazimu. Anahitaji kuambiwa kwamba mawe makubwa ya aina ile ya Chicxulub huja kwa nadra sana, katika muda wa mamilioni ya miaka, na kwamba madogo huja mara nyingi zaidi na mengi huishia hewani au baharini.

Aidha, anahitaji kuambiwa kwamba watu hawakukaa bure. Tarehe 6 Oktoba 2008, jiwe lenye upana wa mita 4 hivi lilionekana Marekani likiwa njiani, na wataalamu wakapiga hesabu ya mahali na saa litakapofika: Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Lilifika siku ya pili yake, alfajiri, pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa jiwe la angani kutabiriwa kabla ya kuingia. Baadaye wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum walijipanga mstari jangwani, wakatembea wakiangalia chini, wakaokota vipande vyake. Katika safari kadhaa vilipatikana zaidi ya 600, na vikapewa jina la Almahata Sitta, yaani Stesheni ya Sita, kwa sababu ya kituo cha reli kilicho karibu. Vijana wa Kiafrika waliliendea jiwe kwa miguu na mifuko, wakati wengine wanalikimbia kwa maneno.

Na tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye asteroidi ndogo, Dimorphos, iliyokuwa mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 11. Kabla ya hapo asteroidi hiyo ilikuwa ikimzunguka mwenziwe mkubwa kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulipungua kwa dakika 33. Maana yake ni kwamba mwanadamu amekwisha kulisukuma jiwe angani. Likionekana mapema, miaka kadhaa kabla, msukumo mdogo unatosha kulipitisha kando.

Nataka vijana mchukue jambo moja la kutenda pia. Tarehe 15 Februari 2013, huko Chelyabinsk, Urusi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka angani asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameliona likija. Mwanga wake ulikuwa mkali kuliko jua, na watu wengi wakakimbilia madirishani kutazama. Lakini mwanga hufika kwanza na mshindo hufuata, kama radi. Zaidi ya dakika moja baadaye mshindo ukafika, ukavunja vioo vya mji. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi kwa vioo, ingawa hakuna aliyekufa. Katika shule moja, mwalimu wa darasa la nne alipouona mwanga hakujua ni nini, lakini aliwaamuru watoto wake 44 waingie chini ya madawati. Watoto wote walisalimika bila kukatwa na kioo. Yeye, aliyebaki amesimama, alikatwa vibaya mkononi. Basi mkiona siku moja mwanga mkubwa usioeleweka, msikimbilie dirisha. Laleni chini, mbali na vioo, mkahesabu dakika.

Sasa niseme kama mtu wa mipango, maana ndiyo kazi ninayolipwa. Hofu ni kama bajeti. Ukiitumia yote mahali pamoja, pengine panabaki bila kitu. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mawe yale hayakutoka mbinguni. Katika wilaya ninayofanya kazi nimehudhuria vikao ambapo watu wameniuliza habari za jiwe la 2032, na katika vikao hivyo hivyo hakuna aliyeuliza habari za nyumba zilizojengwa kwenye mkondo wa maji. Siwalaumu. Jiwe la angani lina jina, lina tarehe, na linasimuliwa vizuri. Korongo la nyuma ya shule ya msingi halina msimulizi. Kazi yetu sisi tuliosoma ni kuipeleka hofu ya watu mahali inakostahili, na hatuwezi kuipeleka kama kwanza tumeicheka.

Namalizia kwa ombi, na ombi hili ni kwa wanafunzi, hasa wa Kidato cha Kwanza. Mungu akipenda, mwaka 2029 mtakuwa Kidato cha Nne. Ijumaa, tarehe 13 Aprili ya mwaka huo, asteroidi iitwayo Apophis itapita karibu na dunia. Upana wake ni zaidi ya mita 300. Ilipogunduliwa mwaka 2004, nayo ilipandishwa jukwaani kama mimi: uwezekano wa kutugonga ulifika asilimia 2.7. Vipimo vikaendelea, na mwaka 2021, baada ya kupimwa kwa rada, ilithibitishwa kwamba haitaigonga dunia kwa muda wa miaka 100 angalau. Lakini itapita kiasi cha kilometa 32,000 kutoka usoni mwa dunia, karibu zaidi kuliko baadhi ya setilaiti zinazotuletea televisheni. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa kimataifa wa kuzielewa asteroidi na kuilinda dunia dhidi yake. Itakapokuwa karibu kabisa, saa zetu zitakuwa saa 6 na dakika 46 usiku wa kuamkia tarehe 14. Watu wa Afrika ni miongoni mwa watakaoweza kuiona kwa macho matupu, kama mbingu ikiwa safi: kama nyota ya kawaida, ila inatembea.

Nina hakika, kabla ya siku hiyo, ile sauti ya kwenye simu itarudi. Itasema Ijumaa, itasema tarehe 13, itasema limefichwa. Na baba zenu, mama zenu na bibi zenu watawapigia simu ninyi, kwa sababu ninyi ndio mnaosoma. Nawaomba msicheke. Chukueni punje za mahindi. Waelezeni hesabu ilivyopanda na kwa nini ikashuka. Na ikiwa hamjui, semeni "sijui, nitauliza", halafu muulize kweli, maana kicheko changu kilikuwa ni "sijui" iliyovaa suti.

Chama chetu nacho nakiomba kitenge fedha kidogo, usiku ule tuwakusanye wanafunzi na wanakijiji wa jirani katika uwanja wa mpira. Hatuhitaji darubini. Tunahitaji chai, na mtu mmoja wa kueleza.

Baba mdogo alipanda miche yake 60 mvua zilipoanza mwishoni mwa mwaka 2025. Mitatu imekauka. Iliyobaki inafika magotini mwake. Amepoteza msimu mmoja, na msimu huo ninamdai mimi mwenyewe nafsini mwangu, kwa sababu ulipotea kwa kicheko changu. Hesabu yake sasa ni kwamba mwaka 2032 atakuwa anavuna vizuri, na ameniambia kwamba tarehe 22 Desemba ya mwaka huo nifike nyumbani na gari kubwa la kubebea matunda.

Nimemwahidi kwamba nitafika.